Imondo ya Pasaka

Mimi sifungi Kwaresima. Padri wetu anajua, wanajumuiya wanajua, na mama mmoja wa kwaya aliwahi kuniambia waziwazi kwamba nitaungua. Nilimjibu kwamba nimeshafunga moja, nayo itanitosha hadi kaburini.

Hiyo moja niliifunga nikiwa na miaka kumi na mmoja, katikati ya miaka ya tisini, nyumbani kwetu upande wa Butali, ambako miwa ilifika hadi nyuma ya choo. Baba alikuwa amekufa Januari, trela la miwa lilipompindukia barabarani. Alituacha watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa na miaka minne. Mtoto wa kiume hakuwapo, na kwenye matanga watu walilitaja jambo hilo zaidi kuliko walivyomtaja marehemu mwenyewe.

Turubai la matanga halijashushwa, baba mdogo, yaani ndugu aliyemfuata baba, alimwambia mama kwamba angekuja kuangalia boma. Maana yake kila mtu aliijua. Alitaka kumrithi mama, na shamba la miwa pamoja naye. Yeye mwenyewe alikuwa amemzika mkewe mwaka uliotangulia. Lakini alikuwa pia mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa kubeba msalaba mbele ya wengine kila Ijumaa ya Njia ya Msalaba, na Jumatano ya Majivu ilikuwa imekaribia. Mambo ya ndoa hayaingizwi ndani ya Kwaresima. Akasema atangoja Pasaka, aje na wazee wawili, wale chakula kwetu, wapate jibu lao.

Jibu lingetoka kwenye sahani. Kwetu kuku akichinjwa, imondo, yaani firigisi, haikatwi wala haigawanywi. Inawekwa nzima mbele ya mwenye nyumba. Mwanamume akiwekewa imondo katika nyumba ya mjane, wazee wakiona, basi mambo yamekwisha, na hakuna atakayemuuliza mjane tena anasemaje.

Mama hakumtaka. Naye kwa kuwa hakuwa na kaka wa kumtetea wala mtoto wa kiume wa kumsimamia, alimwendea Mungu. Aliamini kwamba akiishika Kwaresima ile yote, bila kukosea hata siku moja, Mungu angemwondolea yule mtu. Sisi watoto tulifunga naye, tupende tusipende.

"Kila kitu kiko na macho hakiingii kwa sufuria yangu mpaka Pasaka," alisema asubuhi ile ya Majivu, paji la uso likiwa bado na alama.

Omena, dagaa wetu wa ziwani, ina macho. Kuku anayo. Mdogo wangu akabisha kwamba yai halina, mama akamwambia macho yamo ndani yanangoja. Maziwa tulipeleka kwa jirani. Mafuta ya kupikia aliyafungia kwenye sanduku la nguo. Tulibaki na maharagwe ya kuchemsha, viazi vitamu, na mvua zilipoanza, mrenda uliolainishwa kwa maji ya majivu, siku baada ya siku, na obusuma, ugali wa kwetu, iliyozidi kupungua kwa sababu mahindi ya ghalani yalikuwa yanaishia. Mrenda mtupu unateleza tu kooni, tumbo halipati habari. Mama mwenyewe alikula mara moja kwa siku, jua likishatua, na mifupa ya mabega ikaanza kuonekana chini ya leso. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilimchukia. Niliona anatutesa kwa kiburi cha kutaka kuwa mtakatifu kuliko wake za watu wengine.

Alasiri moja baada ya mvua kubwa kumbikumbi walitoka kwenye kichuguu cha mpakani. Nilikusanya bakuli zima, nikawakaanga kwenye kigae bila tone la mafuta, na harufu yake ilimfanya mdogo wangu arukeruke jikoni. Mama akaingia kutoka kisimani. Akaweka mtungi chini, akachukua bakuli, akalitazama.

"Hawa wako na macho."

"Mama, ni wadudu!"

"Nimesema."

Akatoka nalo nje, akalimwaga. Jogoo tuliyekuwa tunamweka kwa ajili ya Pasaka akaja mbio, akawala wote, mimi nikimtazama. Mdogo wangu alilia hadi akalala. Nilimwambia mama kwamba baba angekuwapo asingekubali. Hakunichapa. Alikaa kwenye kigoda akaendelea kuchambua mrenda, na mimi nikaona nimemshinda.

Jumapili ya Matawi baba mdogo alipita akitoka kanisani, tawi lake mkononi, na mkono wa pili ameshika nyama iliyofungwa kwa gazeti. Damu ilikuwa imepenya karatasi. Mama alimpokea pale pale uani, hakumkaribisha kiti.

"Shemeji, bado ni Kwaresima."

"Kwa watoto si dhambi. Angalia hawa wasichana, wamekauka kama kuni."

"Rudi nayo, shemeji."

Alicheka kidogo, akanigeukia mimi. "Usijali, mama. Pasaka imefika. Nikishaingia hapa mtakulanga nyama mpaka mchoke."

Aliniita mama, jina la heshima ambalo baba alikuwa akiniita. Wiki nzima iliyofuata nilifikiria lile gazeti.

Jumamosi Kuu mama aliniita jikoni. Alikuwa anasaga chumvi ya mawe. Akanieleza kwamba kesho wageni wakija yeye atakaa nao sebuleni, kwa sababu si adabu mjane kumpakulia mtu aliyemjia, na kwamba mimi ndiye nitakayepakua.

"Imondo utaniwekea mimi. Kwa sahani yangu, ile ya bluu. Nzima hivyo hivyo, usikate. Umesikia?"

Nilishtuka. Katika kizazi cha nyanya zangu, wanawake hawakugusa hata nyama ya kuku, sembuse imondo. Nikamwambia wazee watakasirika.

"Wakasirike. Wajue nyumba hii iko na mwenyewe." Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, "Nilimwosha mke wa shemeji akifa. Mwili ule niliushika na mikono yangu. Ninajua chenye niliona."

Sikuelewa alichoona. Nilikuwa mtoto, na siku zile ugonjwa uliomkausha mke wa baba mdogo ulikuwa unasemwa kwa nyusi tu. Nilichoelewa ni kwamba mama alikuwa amepanga Kwaresima iendelee.

Pasaka walikuja watatu, saa saba mchana, baba mdogo amevaa koti la marehemu baba alilopewa siku ya kunyoa, mwisho wa matanga. Mama alikuwa amempika jogoo vizuri, na yale mafuta ya sandukuni yakatoka yote. Jikoni niliwawekea wazee mapaja. Nikaweka shingo na mbawa pale pa kuweka shingo na mbawa. Imondo nikaitia kwenye sahani ya bluu, kama nilivyoagizwa, nikabeba sinia na kuvuka ua.

Mlangoni nilisimama. Baba mdogo alikuwa ameshanawa, mikono yake inang'aa. Alinitazama, akatabasamu, akasema, "Karibu, mama." Waswahili husema mwenye njaa hana miiko. Nimejaribu miaka mingi kusema kwamba nilifanya vile kwa ajili ya mdogo wangu. Uongo. Nilitaka nyama. Nilitaka Kwaresima ya mama iishe, na nilijua sawasawa ni nini kingeimaliza.

Nilichukua imondo kwa vidole nikaihamishia kwenye sahani ya baba mdogo.

Baba mdogo aliitia mdomoni nzima, akaitafuna polepole huku macho yake yakiwa kwa mama, na mzee mmoja akasema, "Haya. Tumeona." Mama aliangalia sahani yake ya bluu iliyokuwa na mchuzi tu. Kisha akawamegea wageni obusuma, kwa sababu obusuma ilikuwa inapoa.

Baba mdogo alimrithi mama, akatimiza ahadi. Tulikula nyama wiki mbili, nikala hadi nikaharisha. Wiki ya tatu akaacha kuleta, akawa anakuja kula alichopata mama. Miwa ilipovunwa aliuza yeye. Mwaka wa pili akaanza kukonda, vidonda mdomoni, homa isiyokwisha. Watu walisema amerogwa kwa sababu ya shamba. Siku tuliyomzika, mama alikuwa tayari anakohoa.

Nilimuuguza nikiwa kidato cha pili. Siku nyingi sikwenda shule, nilibaki nageuza mwili wake, nafua mashuka, na kila mara nikimshika mgongo nilihisi nimeuweka mimi vile ulivyokuwa. Alasiri moja, mdogo wangu akiwa shuleni, nilishindwa kuendelea kunyamaza.

"Mama, ile imondo. Sikukosea."



"Najua," akasema. "Nilikuona ukisimama pale kwa mlango."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini hakunichapa hata siku moja. Nililia kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

"Ulikuwa na njaa," akasema. "Na ni mimi nilikunyima chakula."

Nilitaka anitukane. Neno moja tu la matusi lingenitosha, ningeishi nalo. Alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, akapitisha kidole gumba juu ya mfupa, kama anayepima, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimekula.