Ubao wa Binti Yangu

Mimi darasani nilikaa muda mfupi, tena nikiwa tayari mama wa watoto, katika kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni na jembe nimeliacha mlangoni. Lakini herufi zangu zilinyooka kuliko za katibu wa kijiji, na hilo nalisema bila haya. Kwa hiyo tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Misigiri, watu wakaanza kuniletea mbao.

Zilikuwa mbao za makaburi. Sisi tulizika nyumbani, nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Tulipohama nyumba zikabomolewa, yakabaki mahame na wafu wetu humo. Kisha mwenyekiti akatangaza mkutanoni kwamba mahame yote sasa ni shamba la kijiji, trekta litakuja kabla ya mvua, na litakaloachwa ni kaburi lenye jina. "Mawe matupu dereva atayajuaje?" alisema. Basi kila mwenye mfu wake akaja kwangu.

Niliandika kwa msumari mrefu uliokolea moto. Unaushika kwa koleo, unachoma jina kwenye mbao polepole, moshi unakuingia machoni. Huyu alileta kuku, yule kibaba cha uwele, mwingine asante tu. Niliwaandikia baba zao, wake zao, hata mzee mmoja ambaye wanawe walibishana mbele yangu jina lake hasa ni lipi.

Na ubao wa binti yangu uliegemea ukutani, mtupu.

Surua ilimchukua kule kwetu bondeni kabla hatujahama, ndiyo kwanza ameanza kubeba kibuyu chake mwenyewe kisimani. Kila asubuhi nilisema, leo. Nawasha makaa. Makaa yakikolea, naona uwanja haujafagiliwa. Nikimaliza kufagia, nakumbuka mtama haujachaguliwa mawe. Siku nyingine nilikwenda kuteka maji mtungi ukiwa umejaa hadi shingoni! Nikirudi, makaa yamekuwa majivu. Mume wangu aliuliza mara moja tu. Nikamwambia msumari umekuwa butu. Akautoa nje, akaunoa kwenye jiwe, akaurudisha mahali pake. Bado sikuandika.

Watu walidhani ni uvivu. Mimi jina lile nilikuwa bado nalitamka mlangoni jioni, kwa sauti ndogo, kama namwita aje kula. Kulichoma ubaoni ilikuwa kumwambia asije tena.

Ikafika habari kwamba trekta liko kijiji cha jirani. Asubuhi ile ile mama mkwe akasimama uwanjani, jogoo kwapani.

"Hodi hapa kwa fundi!"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Leo sikuja kwa mkwe, nimekuja kwa fundi. Nina mfu wangu, nataka ubao."

"Mfu gani, mama?"

"Mjukuu wangu."

Nikatazama chini. "Mama, kesho nita..."

"Kesho ni ya mkwe wangu, huyo namjua. Fundi sijasikia akimwambia mtu kesho. Au jogoo wangu mdogo?"

"Siwezi kuchukua jogoo wako, mama."

"Wa wenzangu umekula mpaka mifupa. Wangu ana ukoma?"

Akamfunga jogoo mguu kwenye kigingi, akaketi kwenye kigoda, akaanza kupepea makaa kwa pindo la kanga yake. Hakunipa nafasi ya kwenda popote. Nikashika koleo. Mteja ameketi mbele yako, utasema nini? Nikaandika kama nilivyowaandikia wengine, mstari kwa mstari.

Nilipomaliza akapitisha kidole juu ya herufi zilizokuwa bado na joto. Kusoma hakujua.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

Hapo ndipo alipolia, yeye aliyekuja kunifokea. Mimi nikalia baadaye, njiani kwenda mahameni, ubao kichwani. Tuliusimamisha mchana ule, tukashindilia mawe. Trekta lilipokuja, dereva akalizunguka kaburi. Mtama wa kijiji uliota pande zote, katikati kikabaki kipande cha ardhi ngumu, saizi ya kitanda cha mtoto. Jogoo tulimpika, lakini hakuna aliyemmaliza.

Mbao kule haidumu, mchwa wanaila kuanzia chini. Kila ubao wake unapoliwa nakata mwingine na kuandika upya, siku ile ile ninapouona. Wajukuu zangu wamesoma, mmoja ni mhandisi, nami nawajivunia hadharani. Huyo mhandisi aliniambia juzi, "Bibi, tuweke saruji, yaishe."

Yaishe nini? Nikamtuma akalete makaa.