Skrinshoti za Rehema

Sijawahi kumwambia mtu hili.

Kila nikimwona Rehema yuko mtandaoni, napiga skrinshoti. Tulikaa dawati moja mpaka kidato cha nne.
Kwenye simu yangu nashusha vidole vitatu, kwenye ya mama nabana vitufe viwili.
Kumwandikia, siwezi.

Leo kwenye steshenari ya Kerege, dada wa pale kachomeka simu yangu kwenye kompyuta achapishe fomu yangu ya chuo.

Akafungua picha kuitafuta fomu, Rehema akajaa kioo kizima! "Yuko mtandaoni", chini patupu. Na nyuma yangu foleni.

"Mdogo wangu, huyu mbona hamjaandikiana kitu?"

"Nasubiri aanze, dada."

"Na yeye akipiga skrinshoti yako, si ataona hivyohivyo? Upo, umenyamaza."

Nimefika nyumbani. Bado sijaandika.

Mkimwona Rehema, jamani, msimwambie.