Watu Wanne Mbele Yangu

Kisiwani nilipelekwa, sikwenda. Nalisema hilo mapema, maana watu wakisikia mwanamke wa Kariakoo, tena miaka ile ya foleni, alikaa siku tatu ufukweni hafanyi kitu, wanadhani tulikuwa na hela. Hela wapi! Mume wangu alikuwa fundi wa injini za boti pale Feri. Mwenye boti mmoja, mteja wake, alikubali kutushusha Ijumaa kwenye kisiwa kisichokaliwa na watu, aje kutuchukua Jumatatu. Tulibeba mkeka, madumu ya maji, unga, sufuria na birika.

"Utapumzika," mume wangu aliniambia.

"Nimekwambia nimechoka?"

Mama yangu alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, kwenye chumba cha uani tulichompangia, na tangu siku hiyo nilikuwa sijalia. Si kwamba nilijikaza. Sikusikia kitu moyoni. Msibani wanawake walilia mpaka sauti zikawakauka, mimi nikawa naosha vikombe. Mmoja alinong'ona, nami nikamsikia, "Huyu moyo wake jiwe." Nikaona potelea mbali.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Siku ile nilikuwa kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika la mtaani kwetu. Mama alikuwa ameugua wiki mbili, na alichokitaka kilikuwa kimoja tu, chai yenye sukari. "Haya maji ya moto mnayonipa ndiyo mnayaita chai?" alikuwa akituuliza. Basi alfajiri nikaenda kuweka jiwe langu.

Ambaye hakuziishi siku zile hajui. Foleni ilianza kwa mawe, makopo na ndala mbovu, kila mtu na chake, na jiwe la mtu liliheshimiwa kuliko mwenyewe. Mama ndiye aliyenifundisha. Yeye aliwahi kumvuta kanga mtu aliyemruka kwenye foleni ya unga, mpaka ikachanika. Ila duka likishafunguliwa, jiwe halikusaidii tena. Unasimama kwa miguu yako, na ukitoka, asiyekuwepo na lake halipo, unarudi mkiani.

Nilikuwa nimebakiza watu wanne alipokuja mpangaji mwenzetu, mwanamke wa chumba cha pili. "Unaitwa nyumbani. Mama amebadilika."

Nilimtazama, nikatazama mbele. Watu wanne. Nikamwambia, "Sema nakuja, nimebakiza watu wanne tu."

Nilifika nyumbani na kilo yangu kifuani. Walinipokea mlangoni kwa kunishika mikono, nikajua. Sukari ile ndiyo iliyotiwa kwenye chai ya msiba. Tangu hapo mimi chai nakunywa bila sukari. Watu wakiuliza, nasema jino.

Basi, kisiwani. Ijumaa nilikaa. Jumamosi nilikaa. Maji yalikupwa, yakajaa, yakakupwa tena. Kaa walitoka kwenye mashimo yao, wakaniona, wakarudi. Nilikula nilipopewa. Mume wangu, ambaye nyumbani hawezi kuiona redio bila kuifungua skrubu, alilala chali kivulini, kofia usoni, siku nzima. Sikuchukia, sikufurahi. Kila asubuhi nilizinduka saa ile ile ya foleni, miguu inatafuta ndala, kisha nakumbuka kuwa hapa hakuna duka. Nalala tena, macho wazi.

Jumapili alasiri alikoka moto, akabandika birika, akarudi kulala. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na maji. Baada ya muda nikasikia sauti yake.

"Bibie, unampangia nani foleni?"

Nikatazama chini. Loh! Nilikuwa nimepanga mawe kwenye mchanga, moja nyuma ya jingine, mstari mrefu kabisa. Sijui nilianza saa ngapi.

"Huku wanauza nini?" akazidi kunichokoza.

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikasema, "Niliitwa."

Aliondoa kofia usoni.

"Siku ile ya mama. Niliitwa nyumbani nikakataa kutoka. Nilimwacha mama yangu akafa, mimi nangoja sukari." Niliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyetuma uitwe."

Hapo angalau hasira zilinipanda. "Unajua! Miezi mitatu unajua na umekaa kimya?"

"Ningeanza mimi, ungeona nakushtaki. Nilikuwa nangoja uanze mwenyewe. Ndiyo maana nikakuleta huku, nikaona labda ukikosa la kufanya utasema."

Kisha akanieleza. Yeye siku ile alikuwa amesimama nje ya chumba, nyuma ya pazia, maana mkwe haingii alikolala mama mkwe wake. Jirani aliyekuwa amemshika mama mkono aliuliza kwa sauti, mtoto yuko wapi? Yule mpangaji alikuwa ndiyo anaingia. Akajibu palepale, anakuja, amebakiza watu wanne.

"Mama alisikia?"

"Alisikia."

"Akasema nini?"

Mume wangu alikaa kitako, akapangusa mchanga mikononi, mkono mmoja kisha mwingine.

"Jirani alitaka uitwe mara ya pili. Mama akakataa. Akasema, 'Mwacheni. Akitoka watampita.'"

Niliisikia sauti yake kabisa, na ukali wake ule ule. Ningependa kusema kwamba hapo nililia. Sikulia. Niliyatazama yale mawe yangu, maji yalikuwa yameanza kuyafikia ya mwanzo.

Birika lilichemka. Mume wangu alimimina vikombe viwili. Changu akanisogezea bila sukari, kama ilivyokuwa desturi. Chake akakitia sukari kutoka kwenye kikaratasi cha gazeti alichokifunga nyumbani.

Nikamrudishia kikombe.

"Nitilie na mimi," nikamwambia. "Vijiko viwili."