Tuta la Mwalimu

Kisa hiki alinisimulia shangazi yangu, mwalimu wa sekondari Mbinga, mwaka jana msimu wa maharage. Mwanafunzi wake mmoja alifiwa na mama, akaacha shule, akawa analima ngolo, vile vishimo vyetu vya mlimani vya kuzuia maji ya mvua, bila kuongea na mtu. Shangazi, mzaliwa wa ziwani, alimfuata ndani ya ukungu, akashika jembe, akapiga tuta kama la muhogo wa kwao.

Kijana akalitazama.

“Mwalimu, unazingua! Mvua italibeba hilo.”

“Basi nielekeze, mwamba.”

Kusikia “mwamba” kinywani mwa mwalimu, kijana alicheka mpaka akakaa chini. Jumatatu alirudi darasani.

Tuta lilikwenda na maji. Shangazi na kijana wapo hai. Mama hayupo, ila shangazi, aliyemfahamu, anasema kicheko kile cha kijana kilikuwa cha mama yake.