Usimfunue Uso Mgeni wa Hadithi

Kuna siku moja ya kiangazi kule Elwak ambayo naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Leo nakupa wewe, maana jana ulinisomea hadithi uliyoandikia shule hapa Garissa, ya mwanamke asiyejulikana anayeacha maziwa mlangoni pa mjane kule kambi ya wakimbizi ya Ifo. Kifua kilinijaa! Lakini wenzako wanakuuliza, "Huyo ni nani? Ukoo gani?" nawe unataka kuwajibu. Weka kalamu chini kwanza.

Nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi. Kisima chetu kilikuwa kirefu. Wanaume walisimama humo ndani mmoja juu ya mwingine kama ngazi, wakipokezana ndoo za ngozi huku wakiimba. Sisi hatukuwa na wanaume wa kutosha kufanya ngazi. Majirani zetu, watu wa ukoo mwingine, nao hawakuwa nao. Basi tukachanganya: mtu wetu, mtu wao, mtu wetu. Kupendana hatukupendana, lakini kiu haina ukoo.

Tukingoja zamu, Ayeeyo, yaani nyanya yangu, alitutolea hadithi sisi watoto wa pande zote mbili. Ilikuwa ya mgeni aliyejifunika uso kwa shuka, akashuka kisimani wakati wa ukame, akamnyweshea yatima ngamia wake hadi akashiba. Mtoto wa majirani akauliza, "Alikuwa wa ukoo gani?"

Kabla Ayeeyo hajajibu, mjomba wangu, kijana mwenye mdomo kuliko ndevu, alipayuka pale ukingoni: "Swali gani hilo? Alikuwa wetu! Nyinyi mmemjali yatima lini?"

Wallahi, wimbo ulikatika. Mtu wao mmoja akapanda kutoka kisimani, kisha mwingine, mpaka wakaisha, matope magotini. Mzee wao akasema, "Haya, mgeni wenu huyo awachotee maji."

Ngazi ikabaki mapengo. Ndoo haikufika juu. Ngamia wetu wakalia, na ngamia wao wakalia. Ndama mmoja akajilaza mchangani, na ndama akijilaza hivyo, mwanangu, usitegemee kumwona kesho.

Ayeeyo akamgeukia mjomba. "Waryaa, wewe kijana! Nimewapa mgeni, wewe umemfunga kamba kama mbuzi wako. Hadithi hii nimeipokea kwa nyanya yangu, na hakuna aliyemfunua uso. Wewe ulimwona wapi?"

Majirani wakacheka. Mjomba akatazama vidole vyake vya miguu.

Kisha Ayeeyo akaenda kukaa katikati ya watoto wao, akaendelea kana kwamba hakuna aliyegomba. Mzee wao akajifanya hasikii, halafu akashindwa. "Mama, huyo mgeni alitembeaje?"

"Alichechemea. Mguu wa kushoto."

Mzee akasogea karibu. "Marehemu baba yangu alichechemea hivyo."

"Hata wangu," mama yangu akasema.

"Huenda," Ayeeyo akajibu. "Au huenda bado hajafika. Sisi tunamngoja, na ndama huyu anamngoja."

Yule mzee aliinuka, akavuta shuka mpaka machoni, akaenda kisimani akichechemea kwa makusudi. Watoto tukapiga kelele za furaha! Akashuka. Mjomba akamfuata, akasimama chini ya nyayo za mzee, matope yakimdondokea kichwani. Wengine wakajaza mapengo. Wimbo ukarudi, ndoo ikapanda, na ndama akanywa wa kwanza.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa hadithi ni hivyo hivyo. Ukimwacha bila jina, kila msikilizaji anamwona baba yake, au anajiona mwenyewe. Ukimpa ukoo, nusu ya watu watasimama na kuondoka. Kwa hiyo mwanamke wako wa maziwa usimtaje jina wala ukoo. Lakini usiwe mvivu! Ayeeyo alificha jina, hakuficha mguu. Tuonyeshe mikono yake, tusikie kibuyu chake kikigonga mlango. Akiulizwa ni nani, sema hujui, kisha utazame nani atainuka.

Nenda kaandike. Mola akupe maneno yasiyokauka kiangazi, na watu wa kila ukoo wanywe kwako bila kugombania zamu. Amin.