Namba Yangu kwa Safu Nzima

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nilikuja mtaa huu wa Baba Dogo bila viatu vya maana, shule niliacha darasa la sita, na leo karakana ya kuchomelea mageti ni yangu. Wenye digrii huja kunibembeleza niwapunguzie bei.

Kwa hivyo wataalamu wa leseni za mtandaoni walipoita kikao cha wadau katika ukumbi wa mtaa, sikuenda kusikiliza. Nilienda kusikilizwa. Wenye vibanda wa safu yetu wote walinifuata.

Mtaalamu mmoja alisema kila biashara itasajiliwa kwa namba ya simu. Nikasimama.

"Bwana mtaalamu, hapa watu hubadilisha laini kama soksi. Huyu mama wa chapati, simu yake iliingia kwa mafuta moto. Andika namba yangu kwa safu nzima. Mimi sihami."

"Mnaona? Huyu ndiye mdau!" alisema mtaalamu, na makofi yakapigwa. Mama wa chapati akaninong'onezea, "Baba, wewe ni kichwa." Nilirudi nyumbani nimerefuka kidogo.

Wakati wa kulipia leseni ulipofika, simu yangu ikaletewa bili moja: karakana, chapati, kinyozi, mitumba, makaa, kila kibanda. Nikaenda kupanga foleni ofisi ya leseni.

"Mzee, kwa mfumo wewe ndiye mwenye hivi vyote," alisema msichana wa dirishani. "Na bili hailipwi nusu."

"Basi nitenganishie."

"Siwezi. Ndivyo wadau walivyopendekeza."

"Mdau ni mimi!"

"Sasa si unajua, mzee."

Niliporudi, kanjo, askari wa jiji, walikuwa wameanza kufunga milango ya wasiolipa ng'ambo ya barabara, na geti la mteja lilikuwa ndani ya karakana, halijapakwa rangi. Nikawaomba wenzangu wachange. Kinyozi alicheka, mashine ikinguruma mkononi.

"Mkubwa, tulikuwa chini yako mtaani, sasa tuko chini yako hata kwa kompyuta. Lipa, baba yetu."

Mama wa chapati peke yake alinipa zake, noti zinanuka mafuta. Wengine walisema mwezi ujao. Nilikuwa nimechoka hata kubishana. Nikawaambia hizo ni pesa ndogo kwangu, nikaketi juu ya mtungi wa gesi, nikalipa bili yote kwa simu, huku kanjo wakivuka barabara kuja upande wetu.

Ukiondoa za mama wa chapati, zilinitoka shilingi elfu themanini na saba, mia nne na hamsini.