Meli ya Noah Iliyokataa Kuzikwa

Saa tatu asubuhi jua la Voi limeshachoma mabati ya kibanda, na fundi Thadeus Mwakisha anabomoa kazi ya mikono yake mwenyewe. Anaingiza ncha ya kisu chini ya kijiti cha ubao, chembamba kama utepe, anakibandua polepole, anakilaza juu ya gazeti. Kisha anahamia kingine.

Kitendawili: ana uti wa mgongo, ana mbavu, lakini hana moyo. Jibu liko juu ya meza ya fundi huyu. Ni meli ya mbao, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, na mbavu zake kumi na tisa zimeanza kuonekana moja moja.

"Zitazame mbavu hizo," anasema. "Kila moja nimeipiga msasa mwenyewe. Hakuna iliyokosea. Aliyekosea ni mimi."

Mzee Thadeus ana miaka hamsini na minane. Tangu 1961 anatengeneza milango na madirisha hapa karibu na stesheni ya reli. Mwezi mzuri hutoa milango minane. Mwezi huu, Agosti 1983, ametoa mmoja.

Meli yenyewe ilikuja vipande vipande ndani ya sanduku, mwaka 1979. Mwanawe wa pekee, Noah, baharia wa meli ya mizigo, aliinunua Hamburg, akampa mwenzake aliyekuwa akirudi Mombasa ailete. Ndani mlikuwa na mkuku, ndio huo uti wa mgongo wa chombo, na mbavu zilizokwisha kukatwa na kupewa namba, na vijiti zaidi ya mia mbili vya kuzifunika. Ramani ya kuijenga ni ya Kijerumani, lakini Noah alijaza Kiswahili pembeni kwa penseli.

"Baba, anza na mbavu ya kumi, ya katikati, ndipo uende mbele na nyuma," yasema maandishi hayo. "Usitie gundi kabla hujapima kwa jicho. Jicho lako nalijua."

Maandishi yanaishia kwenye kijiti cha sita. Hapo ameandika: "Vilivyobaki nitakueleza nikija."

Hakuja. Desemba 1981 ilifika barua kwamba meli aliyofanyia kazi imepotea baharini na watu wote waliokuwemo.

Huko kwao Wundanyi, mlimani, ukoo ulikaa kikao. Mwili haupo, wakasema wazee, basi uzikwe mgomba badala yake, matanga yaishe. Mkewe Thadeus, Wakesho, alikataa katakata. "Mwanangu si mgomba," akasema, akarudi jikoni.

Ndipo Thadeus akatoa ahadi. Angejenga ile meli iliyokuwa bado sandukuni, kwa kuwa ilipita mikononi mwa Noah, wazike hiyo. Wakesho aliinamisha kichwa kukubali, na siku ikapangwa: Juni mwaka huu.

Ilimchukua miezi saba, akijenga hapa hapa kibandani. Munyao, seremala wa kibanda cha pili, alimtania mwanzoni. "Nilimwambia, mzee, mto wenyewe umekauka, hiyo itaelea kwenye vumbi? Akanijibu nimletee mvua basi. Nilipojua ni ya nini, nilimpelekea gundi yangu."

Vijiti Thadeus alivibana sana. "Hata unywele haupiti," anasema. "Nilitaka Noah aone jicho langu bado ni lile lile."

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa analolijua kila seremala wa Voi. Mbao za huku chini ni kavu kama mfupa. Mlango wa kupandishwa mlimani huachiwa nafasi, maana ukungu wa Wundanyi utauvimbisha. Thadeus amewaambia wateja hivyo miaka ishirini na miwili. Kwa meli ya mwanawe alisahau.

Aliipandisha siku tatu kabla ya mazishi, akaiweka sebuleni juu ya kitambaa alichofuma Wakesho. Ukungu haukuondoka siku zote tatu. Asubuhi ya mazishi, mchungaji ameshafika na shimo liko wazi, kijiti kimoja kikafyatuka. Kikafuata cha pili. Mara ubavu mzima wa kushoto ukafunguka mbele ya watu.

Mable, dada yake Thadeus, ndiye aliyetamka: "Amekataa kuzikwa. Mtoto yu hai."

Shimo likafukiwa tupu, na Thadeus akairudisha meli kibandani. Tangu siku hiyo Wakesho anampakulia Noah sahani yake kila jioni.

"Nilimweleza," anasema Thadeus. "Nikamwambia, Mama Noah, ni ukungu tu, ni ubaya wa kazi yangu. Akasema, 'Baba Noah, mbao unazijua wewe. Mwanangu namjua mimi.'"

Anafuta kisu kwenye suruali. "Sahani ile huliwa na mbwa. Mbwa ananenepa, Mama Noah anakonda. Na aliyempa tumaini hilo ni mimi, kwa kubana vijiti."

Jumatatu atavipandisha vijiti vyote mlimani ndani ya gunia. Atavitundika sebuleni miezi miwili vinywe ukungu vishibe, kisha aijenge upya kule kule, juu ya meza anayopakulia mkewe, na safari hii ataacha nafasi. Haitafyatuka tena.

Wakesho amekubali. "Anadhani naijenga ili Noah aikute akija," anasema Thadeus.

Kijiti kingine kinabanduka. Anakipima kwa jicho, anakilaza pamoja na wenzake.

"Tangu barua ile hajalia. Hata siku moja. Nataka nimalize, tuizike, alie," anasema. "Akishalia yeye, nami nitalia."